Kukubali Kosa ili Yaishe: Rekodi ya Polisi na Ukaazi wa Kudumu wa Marekani

(Haya ndiyo maneno yaliyosemwa na katibu mwenezi wetu mbele ya wanachama na wapenzi wa Chama, mjini Tanga. Twayapiga chapa kwa kuwa wasomaji wengi wameyaomba.)



Tumeombwa tuseme juu ya rekodi ya polisi na ile hati ya ukaazi wa kudumu wa Marekani ambayo watu wengi huiita grini kadi. Watakuwapo watakaouliza, jambo hili la ng'ambo lina nini katika mkutano wa Chama? Lina mengi. Ni shida kupata mtaa mjini humu usiokuwa na nyumba yenye mtoto Marekani. Wengine walikwenda kusoma, wengine wamefuata ndoa, wengine waliangukiwa na ile bahati nasibu ya viza. Na ndugu zetu Wakongo, waliokaa miaka na miaka katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, wamepelekwa huko kwa maelfu, na wengi wao lugha wanayosemeshana jikoni ni hii hii tunayoisema hapa. Watu hawa wakipatwa na shauri hawampigii balozi. Huwapigia simu mama zao.

Na shauri lenyewe huwa hivi. Kijana amekamatwa kwa jambo ambalo yeye aliona dogo. Amefikishwa mbele ya hakimu. Mwendesha mashtaka amemwambia, kubali kosa hili dogo, utalipa faini na utakwenda nyumbani leo hii. Ukikana, kesi itachukua miezi. Kijana anaogopa kufukuzwa kazi. Anapiga simu, kwetu ni usiku wa manane. Nasi, kwa mapenzi, twamjibu, "Mwanangu, kubali yaishe."

Kwetu neno hilo ni la heshima. Wazee wa mtaa huketi barazani, mkosaji huomba radhi, watu hupeana mikono, na kesho yake hakuna alitajaye jambo lile tena. Ndivyo tulivyolelewa. Lakini kule, kwa mtu asiyekuwa raia, kukubali ndiko kunakofanya jambo lisiishe. Twataka kueleza sababu yake polepole, kama mwalimu aandikavyo ubaoni, maana sisi tulisomea ualimu na hatujui njia nyingine ya kusema.

Kwanza tuondoe jambo moja. Hatukuja kuwashauri watu waende Marekani wala wasiende. Milango ya kuingilia hufungwa na kufunguliwa kwa amri za marais wao, na habari ya juma hili yaweza kuwa si habari ya juma lijalo. Sisi twasema juu ya sheria iliyoandikwa, na juu ya wale ambao wamekwisha fika na wanataka kukaa.

Basi. Yafaa mjue kwamba mgeni wa Marekani anaishi chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja. Iko serikali ya jimbo, na hiyo ndiyo yenye polisi waliomkamata na hakimu aliyemhukumu. Na iko Serikali Kuu, na hiyo ndiyo yenye Idara ya Uhamiaji inayotoa kadi. Hizi mbili zina mizani mbalimbali. Hakimu wa jimbo aweza kumwambia mtu, umekwisha, nenda zako, wala asimdanganye hata kidogo, kwa kuwa katika mizani yake yeye kweli yamekwisha. Ofisa wa uhamiaji hapimi kwa mizani ile. Yeye ana yake, na kipimo chake kiliwekwa na Bunge la Washington, zaidi katika sheria ya mwaka 1996 iliyotiwa saini na Rais Clinton.

Mtu aombaye ukaazi akiwa ndani ya nchi hujaza fomu iitwayo I-485. Katika fomu hiyo aulizwa kama amewahi wakati wowote kukamatwa, kushtakiwa au kuzuiliwa na polisi, na fomu yasema wazi kwamba ajibu hata kama kumbukumbu za kesi zilifungwa au zilifutwa. Kisha huitwa kutoa alama za vidole, na alama hizo hupelekwa FBI, wapelelezi wa Serikali Kuu. Vidole havisahau. Sasa yuko mtu aliyeambiwa na hakimu wake kwamba kesi yake imefutwa. Kwa moyo safi kabisa anaandika "Hapana." Ofisa ana karatasi ya FBI mkononi, nayo yasema "Ndiyo." Pengine kosa lile la kwanza lisingemzuia hata kidogo, lakini sasa aweza kuhesabiwa kuwa amesema uongo mbele ya serikali ili apate hati, na uongo huo ni kizuizi peke yake, tena kizuizi kisichokwisha kwa kupita miaka. Aweza kuomba asamehewe, lakini hana budi kuonyesha kwamba mkewe, mumewe au mzazi wake aliye raia au mkaazi wa kudumu atapata taabu kubwa mno. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Sasa tuingie katika neno lenyewe, kutiwa hatiani. Sisi twadhani mtu ametiwa hatiani pale hakimu anapogonga meza na kutamka hukumu. Sheria ya 1996 haisubiri meza kugongwa. Yatazama mambo mawili tu: mtu amekiri kosa, au amekataa kulipinga, au amekubali mambo yanayotosha kumtia hatiani, na hakimu ameamuru adhabu au kizuizi cha namna yoyote. Yakiwapo hayo mawili, basi. Haidhuru jimbo limeyaita kwa jina gani. Majimbo mengi yana mipango ya huruma kwa mkosaji wa mara ya kwanza. Mtu hukiri, hakimu huiweka hukumu kando, mtu hutazamwa mwaka mmoja au miaka mitano, na akiwa mwema mashtaka hufutwa. Kwa raia mpango huo ni rehema. Kwa mgeni ni mtego, kwa sababu amekwisha kiri, na huko kutazamwa ni kizuizi.

Na hata kifungo kisichotumikiwa chahesabiwa. Hakimu akisema, nakufunga mwaka mmoja lakini sikupeleki jela mradi usikosee tena, kijana atatoka nje akicheka. Karani wa uhamiaji ataandika: kifungo, mwaka 1.

Je, kesi ikifutwa kabisa? Hapo sharti tutofautishe. Kama mahakama imeifuta kwa huruma, kwa kuwa mtu amemaliza adhabu yake na amekuwa raia mwema mtaani, Idara ya Uhamiaji haiutazami ufutaji huo. Lakini kama mahakama imeibatilisha kwa sababu kesi yenyewe ilikuwa na kasoro, kwa mfano mshtakiwa hakuelezwa haki zake, hapo hatia imeondoka kweli. Karatasi mbili zaweza kufanana kama mapacha, moja ikamwokoa mtu na nyingine isimfae kwa lolote. Ndiyo sababu twasema hati za mahakama zisomwe na mtu anayezijua.

Sasa makosa yenyewe. Hatutayataja yote, maana usiku utatukuta hapa. Lakini yapo mafungu mawili matatu yanayowapata watu wetu.

Fungu moja sheria yaliita makosa ya upotovu wa tabia. Wizi umo humo, na ulaghai pia. Hapa sheria ina mlango mdogo, na mlango huo ni wa hesabu. Kosa liwe moja tu katika maisha ya mtu. Adhabu ya juu kabisa ya kosa hilo katika kitabu cha sheria isizidi mwaka 1. Na kifungo alichohukumiwa kisizidi miezi 6. Tuseme binti ameficha shati katika duka kubwa, amekamatwa mlangoni, amekiri, amepewa siku 30 ambazo hakuzitumikia. Ikiwa kosa hilo adhabu yake ya juu ni mwaka mmoja, atapita. Akirudia mwaka ujao, hata kwa soksi za watoto, mlango ule hauko tena. Ndiyo maana ni kosa kubwa kumfariji mtu kwa kusema, ah, mara ya kwanza walimwacha.

Mjue hesabu hii ni kali kiasi gani. Iko kanuni nyingine, ya kumfukuza mtu aliyekwisha pokelewa, nayo yahusu kosa alilolitenda ndani ya miaka 5 tangu kuingia, ambalo laweza kuadhibiwa kwa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi. Wabunge wa majimbo kadha waliona watu wakifukuzwa kwa makosa madogo kwa sababu kitabu chao kiliandika siku 365. Wakapunguza siku moja. Washington walifanya hivyo mwaka 2011, California 2014, New York 2019. Siku moja tu, 365 ikawa 364! Yule asemaye kwamba karatasi si kitu na aitafakari siku hiyo moja.

Fungu la pili ni dawa za kulevya, na hapa twawaomba vijana wasogee mbele. Kwa dawa za kulevya hakuna mlango mdogo ule tuliousema. Liko dirisha tu: mtu aliyepatikana mara moja tu na bangi ya matumizi yake mwenyewe, isiyozidi gramu 30, aweza kuomba asamehewe. Ni ombi, si haki yake. Zaidi ya hapo ni ukuta. Na si lazima mahakama imtie hatiani. Mtu akikiri mbele ya ofisa kwamba alitenda kosa hilo, yatosha kumfungia.

Vijana watajibu, mbona bangi huuzwa madukani kule, na kodi hulipwa? Ni kweli. Wapiga kura wa Colorado na wa Washington waliihalalisha mwaka 2012, na majimbo mengi yakafuata. Lakini kumbukeni zile serikali mbili. Sheria ya Serikali Kuu haikuiondoa bangi katika orodha yake ya dawa zinazozuiliwa. Mwaka 2019 Idara ya Uhamiaji ilitangaza kwamba hata kazi katika biashara ya bangi iliyohalalishwa na jimbo yaweza kumharibia mtu sifa ya tabia njema anapoomba uraia. Kijana anayeajiriwa kupima majani katika duka lenye leseni, na kukatwa kodi kila mwezi, anajiandikia ushahidi dhidi yake mwenyewe. Sisi kwa maoni yetu twaona huu ni unafiki wa sheria. Lakini maoni yetu hayatampa mtu kadi.

Tuwape mifano miwili ya kweli iliyofika Mahakama ya Juu ya Marekani. Wa kwanza ni Adrian Moncrieffe, mtu mweusi kama sisi, mzaliwa wa Jamaika. Aliletwa Marekani kwa njia ya halali mwaka 1984 akiwa na umri wa miaka 3. Mwaka 2007 polisi wa Georgia walilisimamisha gari lake wakakuta bangi gramu 1.3, yaani ya kusokotea sigara mbili au tatu. Alishtakiwa kwa kuwa nayo akikusudia kuigawa. Akakubali yaishe. Jimbo likampa ile rehema ya mkosaji wa kwanza: miaka 5 ya kutazamwa, kisha yafutwe. Serikali Kuu ikamjia ikisema kwamba huyu ni mfanyabiashara wa dawa za kulevya, na afukuzwe bila hata kuruhusiwa kuomba huruma. Shauri lilipanda ngazi mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 2013 majaji 7 kati ya 9 walisema hapana, kugawana kiasi kidogo kama hicho bila malipo si biashara. Alishinda, lakini ilimchukua miaka 6, kwa gramu moja na nukta tatu.

Wa pili ni Moones Mellouli wa Tunisia, Mwafrika mwenzetu, tena mwalimu. Alikwenda kusoma mwaka 2004, akapata shahada ya kwanza na mbili za juu yake, akafundisha hisabati chuoni, akapata ukaazi wa kudumu mwaka 2011. Kabla ya hapo, mwaka 2010, alikuwa amekamatwa Kansas kwa kuendesha gari akiwa amelewa, na walipompekua kizuizini walikuta vidonge vinne ndani ya soksi yake. Mwisho wa yote alikiri kosa dogo: kuwa na chombo cha kuhifadhia dawa. Chombo chenyewe kilikuwa soksi! Hakupelekwa jela, alitazamwa miezi 12, akamaliza salama. Mwaka 2012 maofisa wa uhamiaji walimkamata, na mwaka ule ule akarudishwa kwao. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu iliamua, majaji 7 kwa 2, kwamba alifukuzwa kinyume cha sheria, kwa kuwa karatasi za Kansas hazikutaja kidonge kilichomo katika orodha ya Serikali Kuu. Angalieni vizuri kilichomwokoa. Si shahada zake, wala machozi ya mchumba wake aliyekuwa raia wa kule. Kilichomwokoa ni neno ambalo halikuandikwa katika karatasi.

Fungu la tatu lachukiza kulisema mbele ya wazee, lakini tutalisema. Ni mambo ya ndani ya nyumba. Sheria yao yataja waziwazi ukatili wa nyumbani, kumtesa au kumtelekeza mtoto, na kuvunja amri ya mahakama iliyomkataza mtu asimkaribie mwenzake. Hayo ni sababu za kumfukuza hata mwenye kadi. Baba aliyelelewa kwa kiboko, akamlea mwanawe kwa kiboko, mtoto akaonekana shuleni ana alama mgongoni, mwalimu wa kule hana hiari. Sheria yamlazimisha kupeleka habari. Sisi walimu hatumtetei baba huyo. Na mume anayempiga mkewe hatumtetei hapa wala kule. Twasema tu kwamba mtu asikae akidhani jambo la chumbani litamalizwa na mjomba.

Ulevi barabarani una tabia ya pekee. Kosa moja la kuendesha gari mtu amelewa, bila mtu kuumia, kwa kawaida halitajwi katika yale yanayofunga mlango moja kwa moja. Lakini daktari anayempima mwombaji ataulizia ulevi wake, na ofisa anaruhusiwa kupima tabia ya mtu kwa jumla, maana kupewa kadi hii ni hiari ya serikali hata pale masharti yote yametimia. Mwanafunzi aweza kufutiwa viza kwa kukamatwa tu. Na kwa sheria iliyopitishwa Januari 2025, baadhi ya wageni wasio na hati hushikwa kizuizini kwa kukamatwa tu kwa wizi, hata wa dukani, kabla ya hakimu kusema lolote.

Sasa turudi kwa ile simu ya usiku.

Alikuwako mtu aitwaye José Padilla, mzaliwa wa Honduras, dereva wa lori. Alikaa Marekani zaidi ya miaka 40 akiwa mkaazi wa kudumu. Alivaa sare ya jeshi lao katika vita vya Vietnam. Mwaka 2001 alikamatwa Kentucky na bangi nyingi katika lori lake. Wakili wake alimwambia asiwe na wasiwasi juu ya uhamiaji, kwa kuwa amekaa muda mrefu mno. Akakubali kosa. Wakili alikuwa amekosea, maana kosa lile lilikuwa la kumfukuza moja kwa moja, na miaka 40 haikuwa kitu. Ndipo Mahakama ya Juu, tarehe 31 Machi 2010, ikasema kwamba wakili wa kesi ya jinai ana wajibu wa kumweleza mgeni hatari ya kufukuzwa kabla hajakiri, na kwamba asiyefanya hivyo hakumpa mteja wake utetezi unaostahili.

Tangu siku ile kila mtoto wetu ana haki ya kumwuliza wakili wake swali hilo, hata wakili yule anayelipiwa na serikali kwa ajili ya maskini. Lakini haki isiyoulizwa hulala. Na mkumbuke, wakili huyo wa bure yuko katika mahakama ya jinai tu. Mtu akishafikishwa mbele ya jaji wa uhamiaji, wakili ni wa kumlipa mwenyewe. Asiye na fedha atasimama peke yake, mbele ya wakili wa serikali. Kwa hiyo mahali pa kupigania ni pale pa kwanza, kabla ya kukiri. Mara nyingi mwendesha mashtaka hajali kosa litaitwaje mradi kesi imalizike. Aweza kukubali jina jingine la kosa, au siku chache pungufu, na siku hizo chache ndizo zitakazomwacha mtu na watoto wake.

Mwenye kadi naye asilale. Kadi ya ukaazi huandikwa upya kila miaka 10, na vidole huchukuliwa tena. Na liko jambo linalotugusa sisi tulio huku: msiba. Mtoto amesikia mama yake amefariki, anapanda ndege, anazika, anakaa arobaini, anarudi. Kama ana kosa la namna fulani katika karatasi zake, pale uwanja wa ndege aweza kuhesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya. Mgiriki mmoja, Panagis Vartelas, alikwenda kuwaona wazazi wake mwaka 2003 kwa muda wa juma moja, na aliporudi New York akazuiwa kwa kosa alilolikiri mwaka 1994. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu ilimpa haki, kwa sababu alikiri kabla ya sheria ya 1996. Aliyekiri baada ya hapo hana kinga hiyo. Basi mwana asipokuja kuzika, msiharakishe kusema amesahau kwao. Yawezekana wakili amemkataza.

Mzee mmoja alituuliza kabla ya mkutano, je, waliofungwa kwa siasa? Swali zuri katika ukumbi huu. Mwaka 1958 mahakama ya Dar es Salaam ilimtia hatiani Mwalimu Nyerere kwa maneno yaliyochapishwa katika Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri wawili. Alitakiwa alipe shilingi 3,000 au afungwe miezi 6, na faini ikalipwa. Mwaka 1963 alipokewa Washington na Rais Kennedy. Sheria yao ya upotovu wa tabia hailihesabu kosa ambalo ni la siasa tupu. Lakini msiitegemee sana huruma hiyo. Nelson Mandela alikuwa amekwisha kuwa Rais na kustaafu, naye na wenzake wa ANC walihitaji kibali cha pekee kuingia Marekani mpaka Julai 2008, ilipotungwa sheria ya kuwaondolea kizuizi hicho. Mtu aliyewahi kushikwa katika maandamano na aseme hivyo katika fomu, na aambatishe hati ya shtaka, ili ionekane wazi alishikwa kwa nini.

Kwa wakimbizi, hasa wale wa Nyarugusu, sheria ni pana kidogo. Mkimbizi hutakiwa kuomba ukaazi baada ya kukaa mwaka mmoja, na iko fomu ya kuomba asamehewe makosa mengi ambayo kwa mwingine yangekuwa ukuta. Biashara ya dawa za kulevya haisamehewi, na kosa la kumwaga damu husamehewa kwa taabu sana. Ndugu wengi hawaijui fomu hiyo. Ni ile I-602. Waandikieni.

Basi simu ikilia, twawaomba mseme hivi: "Mwanangu, usikubali wala usikane mpaka wakili wako amesema na wakili wa uhamiaji." Na badala ya kuchanga fedha za faini, changeni za wakili huyo wa pili. Mwambieni aombe mahakamani nakala zenye mhuri za shtaka na za uamuzi, azihifadhi hata kama ameshinda, kwa maana mahakama nyingine huteketeza majalada ya zamani, naye ataulizwa baada ya miaka kumi. Kwa anayeombea ukaazi huku nyumbani kwenye ubalozi, cheti cha polisi kitatakiwa kutoka kila nchi alimokaa kwa muda uliotajwa. Wako watu mjini wanaouza vyeti safi. Cheti cha kununua ni ule uongo tuliousema, isipokuwa huu umelipiwa.

Bibi aliyeketi karibu na mlango ameleta swali kwa karatasi. Mjukuu wake alikamatwa akiwa na miaka 14 kwa kupigana shuleni, akapelekwa mahakama ya watoto, na sasa ana miaka 22 na anajaza fomu. Jibu ni hili, Bibi. Uamuzi wa mahakama ya watoto hauhesabiwi kuwa kutiwa hatiani. Lakini fomu haikuuliza kama alitiwa hatiani tu. Iliuliza kama aliwahi kukamatwa. Aandike "Ndiyo," aeleze kwa maneno machache, na atie karatasi za mahakama ndani ya bahasha hiyo hiyo.